Haibridi ya ufunguo au ya kitufe: ipi ni salama zaidi kwako?

Anayetafuta haibridi (gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme) iliyotumika Japani, kama Aqua, Fielder haibridi au Prius za Toyota, huanza na maswali yaleyale: inakula mafuta kiasi gani, betri kubwa ina hali gani, ushuru wake utafika wapi, spea zinapatikana? Namna ya kuliwasha gari haimo kwenye orodha. Kitufe huonekana kama pambo la bure, na muuzaji hukitaja kwa mbwembwe kabla hata hujafungua boneti. Nadhani kinapaswa kuulizwa mapema, tena kama suala la ulinzi. Na kwenye haibridi suala hili lina uzito kuliko kwenye gari la petroli tupu, kwa sababu haibridi ikiwashwa haiungurumi. Ile sauti ambayo miaka yote imetujulisha kwamba gari linawaka, au kwamba gari letu linaondoka bila sisi, haipo.

Kwa hiyo hapa sizungumzii mafuta wala spea. Nalinganisha jambo moja tu: unaliwashaje, na hilo linakuweka kwenye hatari gani.

Aina ni tatu, si mbili

Ya kwanza ni ya ufunguo wa kuzungusha. Zipo Aqua za daraja la chini za namna hii, na vivyo hivyo kwa baadhi ya Fielder na Axio haibridi. Unachomeka, unazungusha, neno READY linawaka kwenye dashibodi, basi. Hakuna mlio wa stata. Kama gari lina imobilaiza (mfumo unaozuia gari lisiwake bila ufunguo wake halisi), ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo kuna chipu ndogo isiyotumia betri. Waya uliozungushwa kwenye tundu la ufunguo huipa chipu hiyo nguvu na kuisoma ikiwa umbali wa sentimita chache tu. Kompyuta ya gari isipoitambua, gari haliwaki hata kama chuma kimezunguka vizuri.

Ya pili ni ya kitufe chenye tundu la kuchomekea rimoti. Mfano unaojulikana ni Prius ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2009. Unachomeka rimoti kwenye nafasi yake pale dashibodi, unakanyaga breki, unabonyeza. Nyingine katika kizazi hichohicho zinakubali pia rimoti ikiwa mfukoni, na baadhi zina swichi ndogo chini ya usukani ya kuzima uwezo huo. Ukiizima, gari linarudi kwenye masharti ya kuchomeka. Wengi wamemiliki Prius hizi miaka mingi bila kujua swichi hiyo ipo.

Ya tatu ndiyo tunayoikuta zaidi siku hizi: rimoti inakaa mfukoni au kwenye mkoba, unagusa kitasa mlango unafunguka, unabonyeza kitufe gari linawaka. Hukumbuki hata rimoti iko wapi.

Aina hii ya tatu inafanya kazi kwa mazungumzo ya redio. Gari hutoa mawimbi ya masafa ya chini yanayofika kama mita moja hivi kutoka mlangoni. Rimoti ikiyasikia, inajibu kwa masafa ya juu ikitoa namba ya siri inayobadilika kila mara. Namba hiyo ni ngumu kuibuni. Tatizo liko kwenye dhana iliyo nyuma yake: gari linaamini kwamba rimoti ikijibu, basi iko karibu. Halipimi umbali. Ni sawa na mlinzi anayefungua geti kwa kusikia sauti ya mwenye nyumba bila kuchungulia aone aliyesimama nje ni nani.

Mwizi asiyeugusa ufunguo wako

Wezi wawili wanatosha. Mmoja anasimama karibu na mlango au dirisha la nyumba akiwa na antena iliyofichwa kwenye begi. Wa pili yuko kwenye gari na kifaa kingine. Kifaa cha kwenye gari kinadaka mawimbi ya gari na kuyarusha hadi kwenye begi, na begi linayapeleka kwenye rimoti yako iliyoning'inia ukutani sebuleni. Rimoti inajibu kwa uaminifu kabisa. Mlango unafunguka, kitufe kinabonyezwa, READY. Hakuna kioo kilichovunjwa wala alamu iliyolia, kwa sababu kwa upande wa gari, mwenyewe ndiye aliyekuja.

Watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich nchini Uswisi walilichapisha hili mwaka 2011. Walijaribu magari ya aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8, na yote yalikubali kufunguliwa na kuwashwa kwa njia hii. ADAC, chama kikubwa cha wenye magari Ujerumani, kimeendelea kupima tangu 2016, na katika mamia ya magari kiliyoyajaribu sehemu kubwa sana yalishindwa. Magari mapya ya miaka ya karibuni yameanza kupewa teknolojia inayopima muda ambao mawimbi yanatumia kwenda na kurudi, kwa hiyo rimoti iliyo mbali inajulikana kuwa iko mbali. Aqua ya 2013 unayoitazama yadi haina kitu hicho.

Haibridi ya ufunguo wa kuzungusha haiingiliki kwa mchezo huu, kwa kuwa chipu lazima iwe pale kwenye tundu. Ile ya kuchomeka rimoti nayo iko salama, mradi uwezo wa mfukoni umezimwa.

Sasa ongeza ukimya. Gari la petroli likiwashwa saa tisa usiku chini ya dirisha lako, stata inalia, injini inashika, mbwa wanabweka, unashtuka kabla halijafika barabarani. Haibridi inatoka uani kwa umeme wa betri, mwendo wa mtu anayetembea, na unachoweza kusikia ni kokoto zikisagika chini ya matairi. Injini ya petroli inaweza isiwake mpaka gari limeshakata kona. Nchi kadhaa zimetunga kanuni za kulazimisha magari haya yatoe sauti ili watembea kwa miguu wayasikie. Ulaya, kwa mfano, ilianza na aina mpya za magari Julai 2019. Kanuni hizo zinamlinda mpita njia. Mwenye gari aliyelala hazimsaidii, na magari mengi yaliyoingia kwetu yalitengenezwa kabla yake.

Kuna anayesema: lakini wizi wa kwetu ni wa vioo vya pembeni, taa, masega ya ekzosi na swichi za vioo, nani atakuja na antena? Ni kweli kwamba mwizi wa spea hajali gari linawashwaje. Hata hivyo vifaa hivi havihitaji mhandisi kuvitumia, na vinayafuata magari yanayovikubali. Nchini Japani kwenyewe, zinakotoka gari zetu, Prius imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa magari yanayoongoza kwa kuibiwa. Sioni sababu ya kudhani kwamba bahari itauzuia utaalamu huo.

Lakini ufunguo wa chuma si kinga peke yake

Hapa lazima nimtahadharishe anayekimbilia ufunguo akidhani amemaliza. Marekani kuanzia 2021 lilizuka wimbi la wizi wa Kia na Hyundai. Yaliyoibiwa hasa ni yale ya kuzungusha ufunguo, ya kati ya 2011 na 2021, kwa sababu mengi yalitoka kiwandani bila imobilaiza. Vijana walikuwa wanabomoa plastiki ya chini ya usukani na kuzungusha kilichobaki kwa kichwa cha waya wa USB. Ndugu zake wa kitufe, waliotoka na imobilaiza, waliachwa.

Kwa hiyo ulinganisho wa kweli ni kati ya ufunguo wenye chipu na rimoti ya mfukoni. Ufunguo usio na chipu uko chini ya vyote viwili. Ukiwa unakagua gari la ufunguo, lizime, funga milango, chungulia dashibodi: gari lenye imobilaiza kwa kawaida lina taa ndogo nyekundu inayopepesa. Uthibitisho mzuri zaidi ni wa bei ndogo. Peleka ufunguo kwa mchonga funguo akutolee nakala tupu ya chuma, isiyo na chipu. Jaribu kuwasha nayo, huku ule wa asili ukiwa umebaki kwa mwenzako mbali na gari. Ikizunguka na READY isiwake, imobilaiza ipo. Ikiwaka, shusha bei au achana nalo.

Ipo pia njia ambayo mwizi anafika hadi kwenye nyaya. London, Julai 2022, RAV4 ya mtaalamu wa usalama wa magari Ian Tabor iliibwa. Siku kadhaa kabla, watu walikuwa wamechomoa bampa na kuchokonoa nyaya za taa ya mbele. Alidhani ni wahuni tu. Alipochimba na mwenzake Ken Tindell, wakagundua kifaa kinachochomekwa kwenye nyaya za taa na kuzidanganya kompyuta za gari kwamba rimoti sahihi imethibitishwa. Walieleza yote mwaka 2023. Somo ambalo mimi nalichukua ni dogo na la vitendo: ukikuta taa au bampa ya haibridi yako ya kitufe imelegezwa na hakuna kilichoibwa, usiliache gari palepale usiku huo.

Na ile soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi, ambayo fundi huchomeka mashine yake, inaweza kutumika kusajili ufunguo mpya kwenye aina zote tatu. Hapo hakuna aliye bora.

Gari uliloliacha linawaka

Jambo hili ndilo linalonikera zaidi, na halihusu mwizi peke yake.

Kwenye gia otomatiki ya ufunguo, ufunguo hautoki kwenye tundu mpaka gia iwe P na gari limezimwa. Huo ni ukaguzi unaofanyika kwa chuma, kila safari, hata ukiwa umechoka au una mtoto analia nyuma. Funguo ukiwa nazo mkononi, gari limezimika. Hakuna cha kujiuliza.

Kitufe kimeufuta ukaguzi huo. Rimoti iko mfukoni tangu asubuhi, hukuitoa wakati wa kuwasha na hutaitoa wakati wa kuzima. Kwenye gari la petroli tupu bado una sauti ya injini ya kukukumbusha. Kwenye haibridi, ukifika nyumbani injini imeshajizima yenyewe, feni ya kiyoyozi inapuliza taratibu, unashuka, unafunga mlango. Gari liko READY. Toyota nyingi hupiga mlio mfupi wa onyo rimoti ikitoka nje, na ukijaribu kufunga kwa kugusa kitasa linakataa huku linalia. Lakini simama mtaa wenye bodaboda, spika za baa na jenereta la jirani, uone kama utausikia. Mwenye masikio mazito hausikii hata pakiwa kimya.

Likiachwa hivyo, mawili yanaweza kutokea. La kwanza, yeyote anayefungua mlango anaingiza gia na kuondoka. Rimoti ikiwa mfukoni mwako sebuleni, gari linamlalamikia kwa milio na maandishi kwenye dashibodi, ila halizimiki. Watengenezaji hawataki gari lizime ghafla katikati ya barabara kwa sababu tu betri ya rimoti imekwisha. Atakwenda nalo hadi atakapolizima mwenyewe. La pili ni hewa. Betri kubwa ikishuka, injini ya petroli inajiwasha kuichaji, inajizima, inajiwasha tena. Kama gari liko kwenye gereji iliyofungwa iliyopakana na chumba cha kulala, hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi, ile isiyo na rangi wala harufu, inaingia ndani watu wamelala. Gazeti la New York Times lilichunguza mwaka 2018 likakuta watu zaidi ya dazani mbili waliokufa Marekani kwa namna hii tangu 2006 kutokana na magari ya kitufe, wengi wao wazee. Mwaka uliofuata Toyota ilitangaza kwamba magari yake ya Marekani kuanzia toleo la 2020 yatajizima yenyewe baada ya muda. Haibridi za zamani zaidi hazina hilo.

Nyumba zetu nyingi hazina gereji za namna hiyo, nakubali. Ila zipo Nairobi, Arusha na Kampala, na anayejenga leo hupenda kuiunganisha gereji na jiko ili asilowe mvua. Kama nyumba yako iko hivyo na una haibridi ya kitufe, kifaa cha kunusa hewa hiyo kiwekwe kabla ya televisheni mpya.

Kuna na ule mkasa wa kila wiki. Baba anaendesha, rimoti iko kwenye mkoba wa mama. Mama anashuka Kariakoo, mlango unafungwa, gari linalia kidogo, baba anadhani ni mkanda. Anafika Mbezi, anazima sheli ili ajaze mafuta. Hapo safari imekwisha mpaka mama apande daladala alete mkoba. Au gari limepelekwa kwa waosha magari likiwa READY ili vijana walisogeze, mwenyewe akaenda kunywa chai na rimoti mfukoni: gari sasa ni la yeyote aliye karibu na usukani, na hakuna sauti itakayomgeuza shingo. Ufunguo wa kuzungusha hauruhusu mikasa hii, kwa sababu gari na ufunguo haviachani likiwa linawaka.

Watoto pia. Kama rimoti imewekwa kwenye kabati lililopakana na ukuta wa maegesho, gari linaweza kuihesabu kuwa iko karibu. Mtoto anayecheza kwenye kiti cha dereva, mguu kwenye breki, kidole kwenye kitufe kinachong'aa, hasikii chochote kinachomwambia amewasha gari. Wala wewe uliye jikoni husikii.

Kufunga milango

Wizi unaokata rimoti ulizoeleka sana Afrika Kusini: mtu anakaa kwenye maegesho ya duka kubwa akibonyeza rimoti ya geti wakati wewe unabonyeza kufunga gari. Mawimbi yanagongana, gari halifungi, unaondoka. Hili linagusa kila gari la rimoti, liwe la ufunguo au la kitufe. Dawa ya zamani ni kuvuta kitasa kabla hujaondoka.

Lakini jaribu kuvuta kitasa cha gari la rimoti ya mfukoni. Rimoti iko nawe, kwa hiyo ukigusa tu, gari linajifungua. Huwezi kujua kama lilikuwa limefungwa, na huenda umelifungua sasa hivi kwa kukagua. Inabidi utazame taa za hatari: kwenye Toyota nyingi zinapepesa mara moja likifunga, mara mbili likifungua. Au mwambie uliyenaye, asiye na rimoti, avute mlango wa upande wa pili. Gari la ufunguo unaweza kulifunga kwa chuma mlangoni na kuondoka ukiwa na uhakika. Hapa ufunguo unashinda wazi.

Pale kitufe kinapoonyesha faida

Nisimnyime haki yake. Mwenye maumivu ya viungo vya vidole anajua thamani ya kutozungusha kitu. Anayefika getini usiku na mizigo mikononi hasimami nje akipapasa mkoba. Ule muda wa kusimama gizani ukitafuta funguo nao ni hatari, hasa kwa mwanamke aliye peke yake, na rimoti inaufupisha. Ukishuka kufungua geti mwenyewe, kuzima ni kubonyeza mara moja na rimoti unayo. Wa ufunguo wengi huuacha kwenye tundu gari likiwaka kwa sababu kuuchomoa ni kazi. Na tundu la ufunguo lililochakaa, linalokubali kuzungushwa kwa bisibisi, ni ugonjwa usioupata kitufe.

Kupotea kwa ufunguo na betri kufa

Ufunguo wa chipu ukipotea, unachonga mpya na kusajili chipu. Rimoti ya mfukoni ikipotea, na hasa ikiwa ndiyo ya pekee, gari linavutwa hadi kwa fundi mwenye mashine, na gharama inapanda sana. Rimoti iliyokwisha kusajiliwa kwenye gari jingine mara nyingi haikubali kusajiliwa upya, kwa hiyo usinunue ya mitumba kabla fundi hajaiona.

Betri ya rimoti ikiisha, usiite winchi. Ndani ya rimoti umefichwa ufunguo mwembamba wa chuma. Fungua nao mlango wa dereva. Kisha kanyaga breki, gusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe, subiri mlio, bonyeza. Betri kubwa haihusiki hapa kabisa. Ile ndogo ya volti 12 ikifa ndipo utaona kazi. Kwenye Prius ya kizazi cha pili na cha tatu betri hiyo iko nyuma kwenye buti, na buti hufunguliwa kwa umeme, kwa hiyo unaingia kwa mlango wa mbele, unafungua boneti na kushtua gari kupitia nukta maalumu kwenye kisanduku cha fyuzi. Gari la rimoti ya mfukoni husikiliza muda wote kama rimoti imekaribia, na usikilizaji huo unakula betri hiyo kidogokidogo. Kwenye zile zenye mpini wa gia wa kawaida, kama Aqua ya kitufe, kosa jingine ni kubonyeza kuzima kabla ya kuweka P: gari linabaki limezimika nusu, redio na vingine vinaendelea kunyonya. Asubuhi limekufa.

Nani anunue ipi

Umepanga vyumba viwili na gari linalala nje, mita chache kutoka dirishani: nunua ya ufunguo wenye chipu. Mazingira hayo ndiyo mepesi kuliko yote kwa wezi wa antena, na ukimya wa haibridi unawapa muda.

Unaendesha teksi ya mtandao, unashuka mara nyingi kumsaidia abiria mizigo: ya ufunguo. Familia yenye madereva watatu wanaopokezana: ya ufunguo, ili anayelichukua gari awe kweli ameuchukua. Mzazi mzee mwenye masikio mazito unayemnunulia gari: ya ufunguo, tena usibishane naye akisema anataka ya kisasa; mweleze suala la READY mpaka alione kwa macho.

Unakaa ghorofa ya tano na gari liko chini kabisa ya jengo, kuna mlinzi na kamera: kitufe hakina shida sana. Rimoti iko mbali na zege ni nene, antena ya mwizi haitaifikia kirahisi. Una nyumba ya geti, dereva ni wewe peke yako, na una nidhamu ya kutazama dashibodi kabla ya kushuka: chukua unayoipenda. Prius ya kizazi cha pili yenye ile swichi ya kuzima uwezo wa mfukoni ni chaguo zuri ambalo halisifiwi inavyostahili, ukipata ambayo betri yake kubwa bado ni nzima.

Kama la kitufe ndilo ulilonalo tayari, sikuambii uliuze. Tafuta mkoba wa kuzuia mawimbi au kopo la bati lenye mfuniko unaobana, na rimoti zote mbili zilale humo, si ile ya kila siku peke yake. Ujaribu: simama mlangoni pa gari na kopo mkononi, gusa kitasa. Ukifunguka, kopo halifai. Rimoti nyingi za Toyota za karibuni zinaweza pia kulazwa: shikilia kitufe cha kufunga, huku umebonyeza cha kufungua mara mbili, kitaa kikipepesa mara nne, imelala na haitajibu gari mpaka ubonyeze kitufe chake chochote asubuhi. Kufuli la chuma la usukani ni la kizamani na linaudhi kulifunga kila usiku, ila mwizi wa antena anaweza kuwasha gari na asiweze kukata kona. Swichi ya siri ya kuzuia gari lisiwake inafaa pia, mradi fundi afanye kazi kwenye nyaya za volti 12 tu. Nyaya za rangi ya chungwa asiziguse: betri kubwa ya Aqua ya kizazi cha kwanza ni volti 144 na ya Prius ni zaidi ya 200, na hizo zinaua.

Mwisho, kabla hujalipa. Muulize muuzaji rimoti ya pili iko wapi. Magari mengi hufika na moja, na iliyobaki inaweza kuwa imepotea Japani au iko mfukoni mwa mtu wa yadi. Mwite fundi wa umeme mwenye mashine asome ni funguo ngapi zimesajiliwa kwenye kompyuta ya gari. Zikizidi unazopewa, azifute zote na kusajili upya zako mbele yako, na gharama hiyo ikatwe kwenye bei. Ukikata bima kubwa, hifadhi rimoti zote mbili, maana gari likiibwa kampuni inaweza kuzidai zote kabla ya kulipa.